Maisha ya Kijamii Baada ya Saikosisi

Saikosisi ni hali ya akili inayomfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wengine, au ashikilie imani zisizotikiswa na ushahidi wowote. Mara nyingi dawa hutuliza dalili hizo, lakini utulivu huo peke yake hautoshi kubashiri kama mgonjwa atarudi kazini, atadumisha urafiki au atajitegemea.

Katika miaka ya 1970, John Strauss na William Carpenter wa Marekani waliwafuatilia wagonjwa wakaona kwamba mahusiano ya mtu kabla ya kuugua ndiyo yaliyobashiri vyema mahusiano yake ya baadaye. Historia ya kazi nayo ikabashiri kazi. Tafiti zilizofuata zimeongeza viashiria vingine: kumbukumbu, umakini, na hasa kukosa ari na kujitenga. Jamaa wengi huita kujitenga huko uvivu, na lawama hiyo humwongezea maumivu mtu ambaye tayari anaumwa.

Kiashiria kinachoweza kubadilishwa ni muda wa kukaa bila tiba. Mwaka 1997, mkoa wa Rogaland nchini Norwei ulianza kuwaelimisha wananchi kupitia magazeti, redio na shule. Nusu ya wagonjwa wapya wakapata tiba ndani ya wiki 5 hivi, ilhali katika maeneo ya kulinganishia muda huo ulikuwa wiki 16. Baada ya miaka 10, takriban asilimia 31 ya wagonjwa wa Rogaland walikuwa wamepona, kwa kipimo kilichohesabu pia kazi na kujitegemea; kwingineko walikuwa asilimia 15.