Asili ya Jina la Kangaruu

Wengi wenu mmepata kuona picha ya kangaruu, yule mnyama wa Australia arukaye kwa miguu ya nyuma, ambaye jike lake humchukua mtoto katika mfuko wa tumboni. Je, jina lake lilitoka wapi?

Iko hadithi isimuliwayo sana. Husemwa kwamba Mzungu mmoja alimwuliza mwenyeji, "Mnyama yule huitwaje?" Mwenyeji akajibu, "Kangaruu," maana yake, "Sijui." Hadithi hiyo huchekesha, lakini si ya kweli.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa Juni, 1770, merikebu ya Nahodha James Cook, iliyoitwa Endeavour, ilipanda mwamba karibu na pwani ya kaskazini-mashariki ya Australia, ikatoboka. Mabaharia wakaiingiza mtoni kuitengeneza, wakakaa hapo majuma kama saba. Wenyeji wa mahali hapo walikuwa watu wa Guugu Yimithirr. Kwao ndiko Cook na mwenzake Joseph Banks walikolipata jina hilo, wakaliandika katika habari za safari yao.

Mwaka 1788 Waingereza walikuja kukaa Sydney, mbali sana upande wa kusini. Walipolitamka neno hilo, wenyeji wa huko hawakulifahamu, kwa kuwa lugha yao ilikuwa nyingine, nao walimwita kangaruu patagarang. Wakadhani ni neno la wageni kwa kila mnyama, hata walipoona kondoo zizini wakapaza sauti, "Kangaruu! Kangaruu!"

Mwaka 1820 Nahodha Phillip Parker King alifika kwenye mto ule ule wa Cook, akauliza tena. Akapewa neno jingine, ambalo maana yake ni mnyama wa kuliwa. Basi watu wakazidi kuamini kwamba Cook alikosea.

Shaka hiyo iliondoka miaka ya 1970, mtaalamu wa lugha John Haviland alipokaa na watu wa Guugu Yimithirr na kujifunza lugha yao. Akakuta neno gangurru lingali hai, nalo ni jina la aina moja ya kangaruu mkubwa, maana kila aina ina jina lake.

Kumbe mwenyeji aliyedhaniwa hajui ndiye aliyejua, tena alijibu sawasawa. Kuuliza si ujinga. Lakini neno la watu huulizwa wenyewe.