MASHINE YENYE AKILI NA MKONO WA MFANYAKAZI
(Hotuba kwa wanachama, Dandora)



Siku hizi makampuni makubwa yanatumia akili bandia tangu kiwandani mpaka dukani: kukisia bidhaa zitakazonunuliwa, kupanga njia za malori, hata kupima kasi ya mfanyakazi ghalani. Sisi watu wa reli hatuogopi mashine. Wazee wetu waliacha injini za mvuke wakajifunza dizeli. Lakini treni ikichelewa, twamjua stesheni masta wa kuulizwa. Mashine ikiandika kuwa wewe u mvivu, utamwuliza nani?

Tena mashine hizo hazikujifunza zenyewe. Januari 2023 jarida la Time lilieleza kuwa wafanyakazi wa hapa Nairobi walisoma maandishi machafu ili kuifundisha mashine ya OpenAI, kwa malipo ya kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Tarehe 1 Mei 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo walikutana mjini humu wakaazimia kuunda chama. Hao ni ndugu zetu.

Basi katika kila mapatano tudai mambo mawili: tuonyeshwe mashine inapima nini, na awepo mtu wa kujibu. Asiyedai hapewi.