Tusiogope Vitabu vya Wanafalsafa

Leo tuongee juu ya kusoma wanafalsafa wa Ulaya, wale walioandika kuanzia miaka ya 1600. Wengi wetu tukisikia "falsafa" tunasema, hayo ni ya chuo kikuu na seminari, siyo ya sisi watu wa jembe. Tukisema hivyo tunajinyima.

Tuanze wapi? Tusianze na vitabu vikubwa vya Kant au Hegel, huo ni mlima. Tuanze na kitabu kidogo cha Mfaransa René Descartes, kilichotoka mwaka wa 1637. Kwa Kiingereza kinaitwa Discourse on Method. Kina sehemu 6 tu. Siku zile wasomi waliandika Kilatini, lakini yeye alitumia Kifaransa, lugha ya watu wake. Katika barua yake moja alisema alitaka hata wanawake wapate kitu humo. Basi kina mama, ni chenu pia.

Sehemu ya pili inatoa kanuni 4. Usikubali neno kuwa kweli mpaka ulione wazi. Gawanya tatizo vipande vipande. Anza na kilicho rahisi, upande polepole. Mwisho pitia yote tena, usiache kitu. Je, si hivyo tunavyotakiwa kukagua daftari la mweka hazina?

Wengine watauliza, Kanisa linaruhusu? Ni kweli mwaka wa 1663 vitabu vyake viliwekwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Orodha hiyo iliondolewa mwaka wa 1966. Naye mwenyewe alikuwa Mkatoliki.

Sasa, njia ya kusoma. Anayejua Kiingereza asome ukurasa mmoja, kisha aueleze kwa lugha ya nyumbani. Halafu tuulizane: anajibu swali gani? Ametoa sababu gani? Tunakubali au tunakataa, na kwa nini? Kwa mfano, anasema kazi ya fundi mmoja huwa bora kuliko ya mikono mingi. Sisi wa vikundi, hapo hatuna la kumjibu?

Kumpinga siyo kumdharau. Tukisoma sehemu moja kila mwezi, kwa miezi 6 tumemaliza. Na mtu aliyezoea kukiuliza kitabu "kwa nini?" hataogopa kumwuliza mwenyekiti wake pia.