Ukingo wa Leso: Telomia, Kuzeeka na Mzigo wa Kuuguza

Leo tuzungumze kuhusu kuzeeka. Si kuzeeka kwa mvi na makunyanzi, bali kuzeeka kunakotokea ndani ya seli, vile vijisehemu vidogo mno vinavyoujenga mwili wako.

Chukua leso mpya ambayo haijapindwa. Kila ukiifua, nyuzi za ukingoni huchomoka kidogo. Mwanzoni huoni tofauti, kwa kuwa maua na maandishi yako mbali na ukingo. Lakini siku moja ukingo utakwisha, na maua yataanza kuharibika.

Ndivyo zilivyo kromosomu, zile nyuzi 46 zinazobeba jeni ulizorithi kwa wazazi wako. Kila ncha ina ukingo wa akiba uitwao telomia. Seli inapogawanyika, ukingo huo hupungua. Ukiwa mfupi mno, seli huacha kugawanyika. Mwaka wa 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Marekani walionyesha kwamba seli za kawaida zikikuzwa maabarani hugawanyika mara 50 hivi, kisha husimama.

Je, mwili hauna fundi wa kuurudishia ukingo huo? Anaye. Mwaka wa 1984, Carol Greider na mwalimu wake Elizabeth Blackburn waligundua kimeng'enya kiitwacho telomerasi, ambacho hurefusha telomia. Mwaka wa 2009 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Jack Szostak.

Basi mbona bado tunazeeka? Hapa ndipo inapoingia epijenetiki, yaani elimu ya jinsi jeni zinavyofunguliwa na kufungwa bila maandishi yake kubadilika. Jeni ya fundi huyu unayo, lakini katika seli nyingi za mtu mzima imefungwa. Sehemu ya kufuli hilo ni alama za kikemikali zilizobandikwa kwenye DNA na kwenye protini ambazo DNA imezungushiwa.

Usilikasirikie kufuli hilo, linakulinda. Katika takriban saratani 9 kati ya 10, telomerasi imeamshwa, na seli mbovu hugawanyika bila kikomo. Kwa hiyo ukiuziwa kidonge cha "kurefusha telomia" ili urudi ujanani, linda pesa zako. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kurefusha maisha ya binadamu kwa njia hiyo.

Sasa nisikilize wewe mama unayeuguza. Mwaka wa 2004, Elissa Epel, Blackburn na wenzao walichapisha utafiti kuhusu akina mama 58 huko Marekani. Mama 39 kati yao walikuwa wakilea mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu. Makundi hayo mawili, kwa jumla, hayakutofautiana kwa urefu wa telomia. Lakini wale waliohisi kulemewa zaidi ndio waliokuwa na telomia fupi zaidi. Na miongoni mwa walezi, kadiri miaka ya kuuguza ilivyozidi, ndivyo telomia zilivyokuwa fupi.

Utafiti huo mdogo hauthibitishi kwamba mawazo ndiyo yaliyozifupisha. Hata hivyo, unatukumbusha jambo tunalolisahau: nyumba yenye mgonjwa mmoja huwa na watu wawili wanaohitaji kutunzwa.

Kwa hiyo, mama, usione haya kuomba usaidizi. Lala unapopata nafasi. Tembea kidogo kila siku. Kama unavuta sigara, acha, kwani wavutaji wameonekana kuwa na telomia fupi zaidi. Ukiona huzuni haikuachi, zungumza na mhudumu wa afya.

Nawe baba, shangazi au jirani, usiende tu kumpa pole. Mwambie, "Leo nitakaa na mtoto mimi, wewe kapumzike." Dawa hiyo haiuzwi dukani.

Hadi wakati mwingine, jitunze, na umtunze anayetunza. Kwaheri.