Barabara ikifungwa kwa mbio, nani anahesabu tiketi?

(Mazungumzo ya mwandishi wa kujitegemea mbele ya vijana, Tabora mjini)



Nimeombwa nizungumzie mbio za magari ya umeme zinazofanyika katikati ya miji. Baadhi yenu mmeziona kwenye vibanda vya video, na mnauliza: kwa nini zisije Tabora? Swali si la kipuuzi. Mimi elimu yangu ni kidato cha nne, siyo injinia. Lakini nimezisoma habari hizi, na ndani yake kuna kisa kinachomhusu kila mtu anayelipa ushuru wa stendi na wa soko.

Tuelewane kwanza mchezo wenyewe. Unaitwa Formula E, na mbio za kwanza zilifanyika Beijing, Septemba 2014. Mara nyingi hawajengi uwanja. Wanapewa mitaa, wanaondoa matuta, wanachomelea mifuniko ya makaro isiruke, wanapanga kuta za zege na nyavu za chuma pande zote mbili. Watu wanakimbizana siku moja au mbili, halafu vyote vinang'olewa.

Na zile kona kali za mjini, kwao si kikwazo, ni chakula. Dereva akipunguza mwendo, mota inageuka dainamo, kama ile ya baiskeli inayosugua tairi, na umeme unarudi kwenye betri. Magari ya kizazi cha tatu, yaliyoanza kushindana 2023, yalitengenezwa yapate karibu asilimia 40 ya umeme wa mbio kwa njia hiyo. Barabara ndefu iliyonyooka inakula betri, kona inailisha. Kwa hiyo kwa upande wa gari tu, ukinipa lami nzuri na njia panda za Gongoni na Kanyenye, mbio zinakimbizwa. Shida haiko kwenye gari. Shida iko kwenye ofisi inayotoa kibali.

Chukueni mji wa Montreal, Kanada. Julai 2017 meya wao, Denis Coderre, alileta mbio hizi katikati ya jiji. Mitaa ikazungushiwa zege. Wakazi wakawa wanazunguka vizuizi kwenda makwao, wenye maduka wakalia kwamba wateja wamekimbia. Hayo wangeweza kuyasamehe. Lakini waandishi waliuliza swali dogo kabisa: tiketi ngapi ziliuzwa? Mheshimiwa akawa mzito wa kujibu. Miezi ikapita. Siku chache kabla ya uchaguzi ndipo ukweli ukatoka: kati ya tiketi kama 45,000 zilizotolewa, 20,000 zilikuwa za bure.

Mnaona changa la macho hilo! Uwanja unaonekana umejaa, picha zinapendeza, kumbe karibu nusu ya watu wamepewa ofa, na fedha za walipa kodi zimekwishaingia humo. Tarehe 5 Novemba 2017 Coderre aliangushwa na Valérie Plante, na Desemba ya mwaka huohuo mama huyo akafuta mbio za mwaka uliofuata. Sisemi ni tiketi peke yake zilizomwangusha. Ila nadhani mpiga kura anaweza kuvumilia kelele na vumbi. Kufichwa hesabu ya fedha yake mwenyewe ndiko kunakomuudhi.

Msiniambie hayo ni ya Wazungu. Tarehe 25 Februari 2023 mbio hizohizo zilikuja Cape Town, kuzunguka uwanja wa mpira uliojengwa kwa Kombe la Dunia la 2010. Mshindi alikuwa António Félix da Costa, Mreno, na wapenzi wa mchezo walizisifu mbio zile. Sasa sikilizeni kalenda. Tarehe 9 Februari, wiki mbili na siku mbili kabla, Rais Ramaphosa alikuwa ametangaza hali ya maafa nchi nzima kwa sababu ya upungufu wa umeme. Mlalahoi wa kule anakula chakula cha usiku kwa mshumaa, na mjini kwake yanashindana magari ya umeme. Mwaka 2024 mbio hazikurudi Cape Town.

Sasa turudi nyumbani. Tabora tusijifanye wageni wa mambo haya, kwa sababu mji huu uliishi kwa wapita njia kabla babu zetu hawajaiona treni. Mwaka 1857 Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi hapa, wakati huo pakiitwa Kaze. Misafara ilivunjwa hapa, wapagazi wa pwani wakaachwa, wengine wakaajiriwa, maghala yakakodishwa, chakula kikauzwa. Mpita njia alilipa. Wapagazi wa Kinyamwezi walijua bei ya mabega yao na waligoma wakipunjwa. Na watemi walidai hongo, ambayo wakati ule haikuwa rushwa ya chini ya meza, ilikuwa ushuru wa njia unaojulikana. Reli ya Mjerumani ilipofika hapa mwaka 1912, ile kazi ya mabega ikawa imekwisha.

Kuna jingine. Msiri, mtu wa kwetu huku Unyamwezi, alifuata shaba ya Katanga akawa mtawala kule Bunkeya, mpaka alipouawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Katanga hiyohiyo ndiyo leo inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yanayoingia kwenye betri za magari mengi ya umeme. Na nikeli, madini mengine ya betri, iko Kabanga, wilayani Ngara. Kwa hiyo likija gari la umeme hapa, msilishangae kama limeshuka kutoka mbinguni. Sehemu ya mwili wake ni ya njia yetu hii.

Mimi sipingi mbio. Zikija, nitakuwa wa kwanza kupanda mwembe nitazame. Lakini kabla ya tofali la kwanza la zege kushushwa, mkataba ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa manispaa. Iandikwe nani anayetengeneza lami ikiharibika. Iandikwe mama lishe, machinga na dereva wa bodaboda watafidiwa shilingi ngapi kwa kila siku mtaa unapofungwa, na watalipwa kabla ya mbio, maana baada ya mbio hamtamwona mtu. Tiketi zihesabiwe hadharani, za kuuza na za bure, na za bure yatajwe majina ya waliopewa.

Na msisubiri Formula E. Matamasha na maonyesho yanafunga mitaa kila mwaka, na hesabu zake hatuzioni. Mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi kisheria, mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Nendeni mkakae kule nyuma, kumi au ishirini, mkiwa na daftari na kalamu.

Nimemaliza. Yule bwana mwenye kofia nyekundu alinyoosha mkono tangu mapema, aanze yeye.