Paka Mweusi Ana Kosa Gani?

(Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wazee, akina mama na vijana wa Nyeri)



Nilipokuwa nikija hapa asubuhi ya leo, gari letu lilisimama ghafula karibu na Karatina. Tulidhani gurudumu limepasuka. Kumbe paka mweusi alikuwa amekatiza barabara, na dereva, mtu mzima mwenye watoto sita, akakataa kwenda mbele mpaka gari jingine litangulie kuuchukua mkosi. Tukangoja. Lori la viazi likapita, nasi tukalifuata. Abiria wengi walicheka, lakini hapana hata mmoja aliyemhimiza dereva aondoe gari. Mimi nami nilinyamaza.

Basi nimeyaweka kando maneno niliyokuwa nimeyatayarisha, ili niseme habari za paka huyo.

Mtu akiulizwa hofu hii ameitoa wapi, hujibu upesi kwamba ni ya wazee wetu. Je, ni kweli? Nimewauliza wazee kadhaa wa Tetu na Mathira. Juu ya fisi walinisimulia hata jua likatua. Fisi akiingia uani usiku na kuacha mavi yake, boma zima lilipatwa na thahu, yaani unajisi, ikawa hapana budi mganga aitwe, mbuzi achinjwe na watu watakaswe. Hofu hiyo ilikuwa na asili yake. Zamani maiti wengi hawakuzikwa. Waliwekwa porini, na fisi ndiye aliyewala. Mnyama wa namna hiyo akikanyaga uani, ni nani asingetetemeka? Bundi naye, akilia juu ya nyumba, alihesabiwa kuwa mjumbe wa kifo. Lakini nilipotaja paka mweusi, mzee mmoja alinikazia macho akauliza, "Paka yupi? Sisi panya tuliwategea mitego." Hata jina lake la Kikuyu, nyau, ni mlio wake tu. Wala weusi peke yake haukuwa mkosi kwetu. Mwana-kondoo wa kuombea mvua chini ya mugumo alitakiwa awe wa rangi moja, asiye na doa, mweusi hakukataliwa.

Kwa hiyo yafaa tutazame njia za wageni. Huko pwani wako wasemao kwamba jini hujigeuza paka mweusi usiku, ingawa dini ya Kiislamu yenyewe humhesabu paka kuwa mnyama safi, ambaye maji aliyoyanywa hayanajisiki. Njia ya pili yatoka Ulaya. Mwaka 1233 Papa Gregory wa Tisa aliandika barua juu ya watu wa Ujerumani walioshitakiwa kwa uzushi, na katika barua hiyo ilisimuliwa kwamba paka mweusi hutokea katika mikutano yao ya siri. Kwa muda wa miaka mia kadhaa baadaye, bibi kizee aliyekaa peke yake na paka wake aliweza kuitwa mchawi. Mwaka 1566, katika mji wa Chelmsford, Uingereza, mwanamke mmoja aitwaye Agnes Waterhouse, mwenye umri wa miaka kama 64, alinyongwa kwa kosa la uchawi. Paka alitajwa katika kesi hiyo, akiitwa Sathan. Na jambo la kushangaza ni hili: paka huyo hakuwa mweusi, bali alikuwa na madoa meupe!

Waingereza hao hao, katika sehemu nyingi za nchi yao, siku hizi husema kwamba paka mweusi huleta bahati njema, na picha zake hupelekwa kwa maharusi. Ukivuka bahari kwenda Ufaransa au Marekani, utaambiwa kwamba huleta balaa. Paka ni yule yule.

Tena weusi huo wenyewe si ajabu. Katika misitu ya Nyandarua, ambayo hapa Nyeri twaiona upande wa magharibi, wamo chui weusi na mondo weusi. Chui mweusi ni chui kamili. Akisimama juani, madoa yake yaonekana chini ya weusi. Rangi hiyo hurithiwa. Hata paka wawili wenye milia waweza kuzaa mweusi, ikiwa wote wawili wameichukua mbegu yake katika damu ya ukoo wao.

Sasa niwaambieni kwa nini jambo hili lanisumbua. Nilipokuwa mtoto, mwana wa jirani yetu alishikwa na kichomi. Usiku wa kuamkia ugonjwa huo, paka mweusi wa mjane mmoja alikuwa ameonekana juu ya paa. Siku mbili nzima watu walimtafuta paka, na mtoto amelala akihema. Sisi wavulana ndio tuliomkamata. Mimi nilishika mdomo wa gunia. Tukalitupa mtoni Chania. Siku ya tatu baba yake alimbeba mtoto mpaka hospitali, akapigwa sindano, akapona. Watu wakasema, "Mwaona? Paka amekufa, mtoto ameamka." Kisha wakaanza kuulizana habari za mwenye paka.

Sheria ya Uchawi ilikuwako tangu mwaka 1925, nayo yasema kwamba kumshitaki mtu uchawi kwa watu wengine, pasipo kwenda kwa chifu au polisi au wakubwa wengine wa serikali, ni kosa. Kwetu hapana aliyekwenda kwa chifu. Walinong'ona visimani. Haukupita mwezi, mjane akahama usiku kwenda kwa kaka yake upande wa Ndia, akiacha ghala lenye mahindi, panya wakalimaliza.

Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda kumwamkia. Alinipikia chai. Karibu na mafiga alikuwa amelala paka mwingine, mwenye madoa. Sikumwambia ni nani aliyeshika mdomo wa gunia. Nadhani alijua.

Dereva wetu ameketi pale nyuma. Mwenye swali na aulize, naye pia.