Viziwi na Nyumba ya Ibada
(Mada iliyotolewa katika maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika)



Katika Marko 7 Bwana Yesu alimtenga kiziwi na mkutano, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, ndipo akasema. Mkono ulitangulia neno. Kanisa la Kilutheri, linalofundisha kwamba imani huja kwa kusikia, limechelewa kuutazama mkono huo, ingawa si kote. Wakatoliki walifungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, na KKKT ikafungua yake Mwanga, Kilimanjaro, mwaka 1981. Hapa Shinyanga, Shule ya Buhangija huwapokea watoto viziwi pamoja na wasioona na wenye ualbino. Mtoto kiziwi akija ibadani hukaa saa mbili akitazama migongo ya watu.

Tena wako ambao hawakuzaliwa hivyo. Kutoka Kahama hadi Geita watu huponda mawe kwa karasha na kulipua miamba. Kelele inayozidi desibeli 85 kwa saa nane kila siku huharibu masikio polepole, na usikivu uliopotea hivyo haurudi. Mchimbaji wa namna hiyo huitikia “Amina” kwa kumfuata jirani. Hajui lugha ya alama, wala hajihesabu kuwa kiziwi; huyo ndiye anayesahauliwa zaidi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Wengi hufikiria njia ya mteremko kwa viti vya magurudumu, wakaishia hapo. Kwa kiziwi, kizuizi ni nuru na sauti. Dirisha lililo nyuma ya madhabahu humgeuza mhubiri kuwa kivuli, midomo yake isisomeke. Pazia zito latosha. Mkalimani asimame penye mwanga karibu na mimbari, na viti vya mbele upande huo vihifadhiwe kwa viziwi, si kwa wageni rasmi (wageni wa leo watasamehe). Bati lisilo na dari humeza mahubiri mvua inyeshapo. Kuongeza sauti ya spika si dawa, kwa maana mwangwi huzidi na maneno huchanganyika.

La mkalimani ni gumu zaidi. Mara nyingi kiziwi huja kwa mchungaji na mwanawe wa kumtafsiria, na mambo ya ndoa au ya toba hayasemeki mbele ya mtoto. Kwa hiyo Baraza la Wazee linaombwa kutenga fungu ili watumishi wawili wasomee lugha ya alama, mmoja wao akiwa mwanamke.